Hanesi nyepesi za kupandia miti: mti uamue njia ya kupanda, hanesi ichaguliwe mwisho

#1 MbeguBudongo (Masindi)

Wakuu, salaam.

Vijana wa vitalu vya miche hapa Masindi na kule Hoima, Uganda, wananiuliza mara kwa mara wanunue hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba) ipi nyepesi ya kupandia miti. Wameona video za wawindaji wa Marekani: mtu anaingia porini na begi moja, anapanda mti, kisha anakaa juu amening'inia kwenye mkanda wa kukalia, miguu ikiwa kwenye kijukwaa kidogo, anamsubiri mnyama. Na wao wanataka kifurushi hicho hicho kwa ajili ya mbegu, asali na kamera za wanyama.

Naona wanaanzia mwisho. Mti ndio unaoamua njia ya kupanda, njia inaamua kamba, na hanesi inafuata baadaye.

Yule Mmarekani anawinda kulungu mwenye mkia mweupe. Hupanda mita tano hadi saba hivi, na huchagua mti ulionyooka ambao mkanda wake unauzunguka bila taabu. Sehemu nyingi za ardhi ya umma kule hazimruhusu kuacha jukwaa mtini, kwa hiyo kila siku anaingia na vifaa vyake vyote na kutoka navyo. Ndiyo maana watengenezaji kama Tethrd, Latitude, Trophyline na wenzao wanashindana kupunguza gramu. Hanesi ya namna hiyo, bila vyuma, ina uzito wa kilo moja hivi. Kwenye begi kuna ngazi fupi tatu au nne za kufunga shinani. Anafunga ya kwanza, anaikanyaga, anafunga ya pili juu yake, na muda wote kiuno chake kimeshikwa na mkanda unaozunguka shina kama wa fundi wa nguzo za umeme. Kwa mti wake, mfumo huo unafaa kabisa.

Sasa njoo nao msitu wa Budongo. Simama chini ya munyama (mahogani) mzee au mvule. Shina lina upana wa mita moja na zaidi, mizizi mipana ya munyama inapanda hadi juu ya kichwa chako, na tawi la kwanza liko mita 15 au 20. Mkanda wa kiunoni hauwezi kurushwa ukazunguka upande wa pili. Ngazi nne zinaishia pale ambapo kazi haijaanza. Kwa miti hii njia nyepesi ni kurusha uzi juu ya tawi imara, kuvuta kamba, na kupanda kamba yenyewe.

Kuna watakaosema wasubiri mbegu chini. Kwa musizi ni sawa, matunda yake huokotwa. Lakini tunda la munyama hupasuka likiwa bado juu, na mbegu zake zina mabawa, upepo unazitawanya kabla hujapata hata kikombe. Mvule nao una dume na jike, kwa hiyo angalia kwanza kama mti wako huwa unazaa, usije ukapanda dume mita ishirini kutafuta tunda. Ukitaka mbegu bora kutoka mti mama uliouchagua mwenyewe, itabidi upande.

Karibuni tuchambue. Wa kamba aseme kamba, wa nyuki aseme nyuki.

---

#2 Mzinga_WestNile (Arua)

Asante kwa uzi, ndugu. Kwa msitu mkubwa nakubaliana nawe. Ila msiwakatishe tamaa watu wa ngazi fupi. Huku kwetu mizinga ya magogo tunaiweka kwenye miti ya savana, ukwaju na mingineyo, matawi yanaanza chini na shina linakumbatika. Kwa miti hiyo ngazi tatu zinatosha, tena ni haraka kuliko kurusha uzi ndani ya matawi yaliyosongamana. Kuna wanaotumia ngazi moja tu: unaifunga, unapanda, unaning'inia kwenye kamba ya shina, unaifungua ngazi na kuihamishia juu, unapanda tena. Ukifika mwisho unashuka kwa kamba. Mzigo unapungua sana, ila lazima uwe umeifanyia mazoezi chini chini hadi mikono ijue yenyewe.

Mimi shida yangu ni moto. Asali tunarina usiku, na moshi. Cheche ikidondokea kamba ya nailoni itakuwaje?

---

#3 KambaRwenzori (Kasese)

Mzee wa Arua, swali lako ndilo la kwanza ambalo kila mrina asali angepaswa kuuliza.

Nailoni huyeyuka kwenye joto la nyuzi 220 hadi 260 hivi kulingana na aina yake, na poliesta iko karibu na hapo. Zile kamba nyeupe nyembamba zinazosifiwa kwa wepesi, za Dyneema, zina nguvu ya ajabu lakini huyeyuka kabla ya kufika nyuzi 150. Kaa la moto lina joto kupita hizo zote mara kadhaa. Kwa hiyo kibomba cha moshi kiwe na mfuniko, kining'inie kwa mnyororo mwembamba kando ya mti, chini ya miguu yako, kamwe kisiwe juu ya fundo lako. Mwenge wa nyasi wa wazee wetu usipande na mtu aliyefungwa kwa kamba. Zipo kamba zenye ala, yaani ganda la nje, ya aramidi, ambayo haiyeyuki, huungua tu kwenye joto kali sana. Kwa mrina asali gharama yake ni halali, angalau kwa kile kipande kinachozunguka shina.

Sasa kamba yenyewe. Tafuteni kamba isiyovutika yenye alama ya EN 1891, aina A. Alama hiyo maana yake imepimwa kwa mzigo wa kilonyutoni 22, yaani tani mbili na zaidi kidogo, bila kukatika. Unene wa milimita 11 ndio ninaopendekeza kwa anayeanza: mkono unaishika vizuri, vifaa vingi vinaikubali, na gome likiikwaruza bado ina nyama. Mita moja ina gramu 75 hadi 80, yaani mita 50 ni karibu kilo nne. Ya milimita 9 ingekuokolea kilo moja na nusu hivi, lakini inachakaa upesi, na baadhi ya vishukio, yaani vyuma vya kushukia kamba, haviishiki. Wawindaji wale wanatumia hata milimita 8, kwa sababu wako mita sita, gome lao ni lile lile kila siku, na kamba wanayoning'inia nayo ni fupi. Wewe unayepanda mita 20 usiichukue kamba yao.

Jambo la pili ni pale unapoifunga. Njia mbili. Ukifunga kamba chini, kwenye shina, ikapita juu ya tawi na wewe ukapanda upande wa pili, tawi linabeba karibu mara mbili ya uzito wako, kwa sababu pande zote mbili zinalivuta kwenda chini. Mtu wa kilo 70 anakuwa kilo 140 kwa tawi. Ukifunga kule kule juu, fundo likalibana tawi, linabeba uzito wako peke yake. Lakini ile ya chini ina faida kubwa nitakayoirudia mtu akiuliza habari za kuokoa.

Na sheria moja isiyo na mjadala: kamba isilegee. Hanesi ya kukalia na kamba isiyovutika havikutengenezwa kupokea mtu anayeanguka. Fundo lako liwe juu ya kiuno daima. Ukipanda hatua, sogeza fundo. Ukiliacha chini ya miguu halafu ukateleza, mshtuko wote unaupokea mgongo wako.

---

#4 Mkulima_Kiryandongo

Habari wakubwa. Mimi sikusanyi mbegu. Nina shamba la mahindi karibu na Karuma, nguruwe mwitu na nyani wananimaliza. Wazee walikuwa wanajenga ulingo wa miti, unaoza msimu mmoja. Je, hanesi na kijukwaa kidogo vinaweza kuwa ulingo wangu? Na je, naruhusiwa kupiga mnyama nikiwa pale juu?

---

#5 MbeguBudongo

Ndugu mkulima, pole sana kwa hasara. Nianze na la pili.

Wanyamapori wa Uganda wako chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019. Kuwinda kunahitaji haki maalumu ya matumizi inayotolewa na UWA, Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, ile ya daraja A. Kuwa shambani kwako hakukupi haki hiyo. Na kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inafika faini ya shilingi bilioni 20 au kifungo cha maisha. Kwa waharibifu wa mazao pitia LC1, yaani uongozi wa kijiji, kisha ofisi ya wilaya, nao wawaite UWA. Wewe ukiwa ulingoni kazi yako iwe kelele, debe na tochi.

La kwanza: ndiyo, na kwa kweli wewe ndiye mtu ambaye kifurushi cha Kimarekani kilitengenezwa kwa ajili yake. Mita tano, mti unaokumbatika, kukaa saa nyingi bila kuhama. Ngazi fupi tatu, kijukwaa, hanesi pana ya kukalia yenye nyama ya kutosha mapajani. Kamba ya shina ifungwe juu ya kichwa chako, ukikaa ikuvute kidogo. Faida yake kuliko kiti cha mbao ni kwamba tangu unatoka ardhini hadi unarudi umefungwa, hata usingizi ukikuchukua.

Ila Karuma ni njia ya tembo. Kama tembo wanafika shambani kwako, usikae kwenye mti huo wala mwembamba mwingine. Mti wa kukumbatika ndio anaousukuma.

---

#6 Mkulima_Kiryandongo

Tembo hupita upande wa barabara, huku kwangu bado. Lakini nimekusikia. Asante sana mkuu.

---

#7 Nnalongo_Miche (Mukono)

Hamjambo. Nafanya kazi ya miche karibu na msitu wa Mabira na kundi letu lina wanawake wanaopanda. Nizungumzie hanesi, maana nyote mmeikimbia.

Uzito wa hanesi ni kitu kidogo sana. Tofauti ya ile nyepesi kabisa na ya mkata miti wa kazini, ile ya Petzl Sequoia kwa mfano, ni kama nusu kilo hivi au zaidi kidogo. Ni chupa moja ya maji. Lakini mtu aliyekaa saa mbili kwenye hanesi isiyomfaa anashuka miguu imekufa ganzi, nyonga zinauma, na siku ya pili anatafuta sababu ya kutopanda. Hanesi nyingi za uwindaji zimeshonwa kwa mtu anayeegemea nyuma, miguu ikisukuma shina. Uzito unashikwa na makalio. Sisi tunaoning'inia hewani, mbali na shina, tunahitaji mikanda ya mapaja mipana, maana hakuna pa kukanyaga.

Kwa wanawake kuna la ziada. Kiuno na nyonga zetu vinapishana sana, kwa hiyo mkanda mmoja unaopimwa kiunoni tu unapanda juu hadi mbavuni. Tafuta hanesi ambayo kiuno na mapaja vinarekebishwa kila kimoja peke yake. Na daraja, yaani kile kipande cha kamba mbele kinachounganisha nyonga mbili, liwe la kurefushwa na kufupishwa. Likiwa fupi linabana nyonga, likiwa refu huifikii kamba yako vizuri. Daraja ndilo linalochakaa kwanza, basi hakikisha linaweza kubadilishwa bila kutupa hanesi nzima.

Kabla ya kulipa, ning'inia. Funga kamba kwenye boriti au tawi la mwembe, miguu sentimita thelathini tu kutoka chini, kaa nusu saa. Geuka kulia, geuka kushoto, vua begi, fikia kisu. Muuzaji akikataa ujaribu, nenda kwingine.

Na angalia alama. EN 813 ni hanesi ya kukalia, EN 358 ni mkanda wa kujishikiza kazini. Hanesi isiyo na alama yoyote na namba ya kundi la kiwandani, hata iwe na rangi nzuri vipi, mimi simpandishi nayo mtoto wa mtu.

---

#8 FundiMatawi_Kla (Kampala)

Dada wa Mukono amesema kweli tupu, hasa la kuning'inia kabla ya kulipa.

Mimi nakata miti ya majumbani, Kololo, Muyenga, Ntinda. Niongeze habari za soko. Kamba za plastiki za bluu na njano mnazoziona Kikuubo, zile za kufungia mizigo ya lori, si za binadamu. Ni za polipropilini, jua letu linazila kutoka nje hadi ndani, na ukishuka haraka joto la msuguano linaziyeyusha. Kamba za mitumba za soko la Owino hata kama zina chapa nzuri, hujui zilipitia nini: zimevuta gari, zimemwagikiwa asidi ya betri, zimelala juani miaka? Macho hayaoni hayo. Vyuma vya mafundi wa Katwe mimi navipenda na naviagiza, kulabu za kuvutia matawi, pini za kufungia ngazi. Lakini karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, inayobeba mwili iwe ya kiwandani, imeandikwa kilonyutoni ubavuni, angalau 20 kwa urefu wake, na mlango unaojifunga wenyewe.

Kwa wakusanyaji mbegu: msitumie kucha za chuma za miguuni. Sisi tunazivaa kwa mti unaoangushwa tu. Kila mchomo ni kidonda, na ukungu unaingia hapo. Huo ni mti mama wenu, mnauhitaji msimu ujao na mwingine.

Na panga. Unapokata tawi ukiwa juu, ufungwe mara mbili: kamba yako kuu, na mkanda wa shina wenye waya wa chuma ndani. Kamba iliyovutika ikiguswa na panga hukatika kwa urahisi usioamini. Bora msumeno mdogo wa kukunja wenye ala, au mkasi wenye mpini mrefu unaokata ukiwa umekaa mbali.

---

#9 Kijana_Hoima

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mmoja wa wanaouliza. Nimeelewa habari ya kamba. Lakini uzi unafikaje tawi la mita 18? Mkono wangu haufiki.

---

#10 MbeguBudongo

Marahaba kijana. Kifuko cha kurusha cha gramu 300 hadi 400 kilichojazwa chembe za chuma, na uzi laini wa milimita mbili. Uzi wote uumwage kwenye beseni au mfuko mpana, usiwe umeviringwa, la sivyo utakwama katikati ya safari. Shika uzi kwa mikono miwili, kifuko kining'inie kati ya magoti, bembeza, achia kikiwa kimeelekea juu. Mita 12 hadi 15 zinafikika kwa mazoezi. Zaidi ya hapo tengeneza manati kubwa yenye mpini mrefu wa kusimamisha chini.

Kifuko kizito ni bora kuliko chepesi kwa gome la mvule, maana lazima kishuke chenyewe upande wa pili. Na wote walio chini wakae mbali, mmoja tu arushe.

Tawi liwe bichi, nene kama paja la mtu mzima, na kamba ikae karibu na shina. Liangalie kwa darubini kwanza: gome lililobanduka, uyoga, shimo, tawi kavu lililoegemea juu yake, kundi la nyuki. Kisha watu wawili waning'inie pamoja kwenye kamba, miguu ikigusa ardhi, waruke ruke. Likilia au likitikisika vibaya, hamia jingine. Na siafu wanapandia shina lile lile unalolitaka, basi zunguka mti mara moja kabla ya kufungua begi.

---

#11 Kijana_Hoima

Na kupanda kamba yenyewe, nianze na mafundo ya prusiki, yale yanayoibana kamba ukiyakalia, au ninunue vipandio vya chuma? Na mtu akizimia kule juu?

---

#12 KambaRwenzori

Anza na prusiki. Karl Prusik wa Austria alilieleza fundo hilo mwaka 1931 na bado hakuna kifaa chepesi kuliko hilo: vitanzi viwili vya kamba ya milimita 7 au 8 juu ya ile ya 11, kimoja kwenye hanesi, kimoja mguuni. Kaa, sukuma cha mguu juu, simama, sukuma cha hanesi, kaa. Ni polepole, lakini utajifunza kamba inavyoshika na inavyoachia. Baadaye nunua vipandio vyenye meno. Ni vya haraka, ila ukivishtua kwa kuanguka, meno huchana ala ya kamba. Kwa kushuka, chuma cha umbo la nane kinatosha, na prusiki fupi chini yake mkononi. Shuka taratibu, usiiache prusiki iteleze ikiwa imebana, itaungua.

Kuzimia. Mtu anayening'inia kimya kwenye hanesi bila kusogeza miguu anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi, ni suala la dakika. Hospitali iko mbali, zimamoto wako mbali, kwa hiyo mwokozi ni yule aliyesimama chini. Hapa ndipo ile njia ya kufunga kamba chini inapokuwa na maana. Ukiifunga shinani kwa kishukio kilichofungwa kufuli badala ya fundo la kudumu, na kamba ikabaki ya kutosha, mwenzako anafungua kufuli na kukushusha pole pole bila kupanda. Tawi linabeba mara mbili, kwa hiyo chagua tawi nene zaidi. Mimi kwa kundi la wanaoanza sikubali njia nyingine.

Mtu asipande peke yake. Na aliye chini awe ameshafanya zoezi la kumshusha mwenzake akiwa mzima, mchana, mita tatu.

---

#13 EntebbeZiwani

Nimesoma kimya, niongeze moja. Kule msitu wa Zika, karibu na hapa kwetu, watafiti walikuwa wakiweka kima wa uchunguzi kwenye majukwaa ya mitini, na mwaka 1947 ndipo virusi vya Zika vikapatikana kwa mmoja wao. Baadaye ukasimamishwa mnara wa chuma wa zaidi ya mita 36 ili kuwakamata mbu kila kimo. Mbu ambaye watafiti walikuwa wakimtafuta, Aedes africanus, anaishi juu kwenye matawi na huuma zaidi jua linapozama. Huyo huyo hubeba homa ya manjano. Kwa hiyo mikono mirefu, chanjo ya homa ya manjano, na kama huna sababu ya kubaki juu jioni, shuka mapema. Na huku ziwani, wingu likianza kuunguruma hata kwa mbali, hakuna mbegu inayokungoja.

---

#14 Kijana_Hoima

Nimeandika yote daftarini. Tawi langu ni mita 18, msitu wa kijiji, mwenyekiti ameshatupa ruhusa. Tuko watatu. Niagize nini hasa?

---

#15 MbeguBudongo

Ukitaka kuingia hifadhi ya serikali baadaye, barua ya NFA, Mamlaka ya Taifa ya Misitu, iwe mkononi kwanza. Na waone Kituo cha Taifa cha Mbegu za Miti pale Namanve, wanajua msimu wa kila mti.

Kwa watatu nunueni seti moja nzuri, msigawe pesa kwenye seti tatu dhaifu. Kamba ya milimita 11, mita 60 na si 50: 18 kupanda, 18 kushuka, 18 za kumshusha mtu, na zinazobaki ni za mafundo. Hiyo ni kilo nne na nusu hivi. Hanesi moja ya kurekebishwa kiuno na mapaja, kilo moja na nusu. Uzi na vifuko viwili, maana kimoja kitakwama juu. Karabina sita zenye kufuli, vitanzi vya prusiki vinne, chuma cha nane kwa mpandaji, kishukio chenye kufuli kwa aliye chini. Kofia ngumu, za mpandaji na za walio chini pia. Jumla ni kilo tisa hivi, na nyie ni watatu wa kubeba. Ngazi fupi na kijukwaa viacheni.

Nitumie ujumbe wa faragha wenye vipimo vya kiuno na mapaja ya yule mnene na yule mwembamba kati yenu, nikuangalizie saizi kabla hujalipa. Kamba ikifika mje nayo Masindi, tutaanzia kwenye mwembe wa nyumbani.